Uso Uliokataa Rangi

Ukitaka kuniita mwongo, niite sasa hivi tusipotezeane wakati. Mume wangu alishaniita, majirani wameniita, na mimi mwenyewe kuna asubuhi huamka nikijaribu kujiita hivyo ili nipate kupumua. Haisaidii. Jambo hili lilitokea nyumbani kwangu hapa Garsen, mchana kweupe, baada ya sala ya alasiri, na aliyeniletea alikaa kwenye kiti cha plastiki ambacho mpaka leo sijathubutu kukikalia.

Tena mimi si mtu wa kuona majini kila pembe. Nimezaliwa na kukulia kando ya Tana, nimesikia habari za mamba wanaotumwa na watu tangu sijaota meno, na zote nilizichukulia kuwa maneno ya kupitishia jioni. Mtu akiliwa na mamba mimi nasema ameliwa na mamba. Nakueleza hivi ili ujue unazungumza na mtu wa namna gani.

Kazi yangu ni kutoa picha. Sina studio. Nina chumba cha mbele cha nyumba yangu, kompyuta, na printa ya wino, ile ndogo ya nyumbani inayowekwa juu ya meza. Watu huniletea simu zao, natoa picha za harusi, za watoto waliomaliza madrasa, za babu aliyefariki wanataka kumtundika ukutani. Na nina kiburi kimoja ambacho sikifichi. Rangi. Watu wa kutoa picha wapo wengi, lakini picha zao zikitoka mtu hajijui.

Labda wewe unadhani printa hutoa kile unachokiona kwenye kioo cha kompyuta. Haitoi. Kioo kina taa ndani yake, karatasi haina, kwa hiyo picha iliyong'aa kwenye kioo huja kulala kwenye karatasi. Ukisahau kuiambia mashine kwamba umeweka karatasi ya picha, ikadhani ni karatasi ya kawaida, wino hutapakaa na sura huwa kama imepakwa masizi. Ukiiachia kompyuta irekebishe rangi na printa nayo irekebishe, zitagombana kama wake wenza, na anayeumia ni yule wa kwenye picha. Na hakuna rangi ngumu kuliko ngozi zetu. Bluu ikizidi kidogo tu, mtu ni maiti. Pinki ikizidi, amepigwa makofi. Hapa kwetu kuna Mpokomo, Muorma, Msomali, Mgiriama, kila mmoja na weusi wake, na kila mmoja yuko tayari kukuambia, "Dada, huyu si mimi."

Ndiyo maana nilijiwekea desturi. Picha ikitoka naiacha ikauke, kisha namwita mwenyewe hadi mlangoni, kwenye mwanga wa nje, naiweka kando ya mkono wake. Ndani hapafai. Taa yangu ni ile nyeupe ya umeme, chini yake kila mtu anaonekana ana homa. Mwanga wa mlangoni haumpendelei mtu. Mkono na picha vikilingana, namkabidhi. Visipolingana, narudi kwenye mashine. Wapo wanaonitania kwamba kwangu mtu hupimwa kama kitambaa, lakini hurudi.

Siku hiyo mvua ilikuwa haijanyesha kwetu hata tone, ila mto ulikuwa unapanda. Ndivyo Tana ilivyo. Mvua hunyesha huko juu milimani, sisi huku chini tunaletewa maji chini ya jua kali. Redio ilikuwa ikiwahimiza watu wa mabondeni wahame, na barabarani ungeona magodoro na mbuzi juu ya pikipiki.

Nikasikia hodi. Aliingia kijana, mrefu, kofia ameishusha usoni, akatoa salamu kwa sauti ya chini na kukaa bila kungoja kukaribishwa. Hakuwa na simu. Alinipa kile kikadi kidogo cha ndani ya simu kinachowekwa picha.

"Simu yenyewe iliingia maji," alisema.

Kwenye kadi kulikuwa na picha moja tu. Ni yeye, amesimama kando ya pikipiki mbele ya migomba, shati jekundu, anacheka. Picha nzuri, ya mchana, mwanga umemjia vizuri. Kwenye kioo uso wake ulikuwa wa kahawia iliyokolea, wenye afya. Nikamwambia hiyo haitanichukua muda, nikaweka karatasi, nikabonyeza.

Ilipotoka, migomba ilikuwa kijani kama migomba. Shati jekundu. Pikipiki nyeusi, hata vumbi la kwenye tairi lilikuwa rangi ya vumbi la kwetu. Lakini uso na mikono ya yule kijana ilikuwa ya kijivu. Kijivu cha majivu yaliyomwagiwa maji.

Nikadhani wino wa njano umeziba. Nikachapa karatasi ya majaribio ile yenye mistari, mistari yote ikatoka kamili, hakuna hata mmoja uliokatika. Nikasafisha kichwa cha printa hata hivyo. Nikachapa tena, kijivu. Nikaangalia kama nimekosea aina ya karatasi, sikuwa nimekosea. Nikaukamata uso peke yake kwenye kompyuta, nikaongeza njano, nikaongeza pinki, mpaka kwenye kioo akawa mwekundu kama mtu aliyekaa karibu na tanuri. Nikachapa. Kijivu kile kile. Sasa niambie wewe unayejua mashine, wino unawezaje kuitii migomba na kumkataa mtu?

Nilianza kuona haya. Nilimpa chai asubiri, hakuigusa. Nilikuwa nimempa mgongo na ninahema kwa hasira, maana mimi kazi ikinishinda huwa nahema, nikasikia amesimama nyuma yangu.

"Dada, usiibadilishe. Inatosha."

Akaichukua ile picha ya mwisho, bado mbichi. Kidole gumba chake kilikuwa kimelowa, niliona tone likiteleza juu ya karatasi. Wino wetu huu wa chupa, tunaoununua Malindi, ukiguswa na maji huchuruzika papo hapo. Haukuchuruzika. Tone lilipita juu ya uso na uso ukabaki kama ulivyo. Nililiona hilo, na bado akili yangu ilikuwa kwenye mashine.

Nikamwambia shauri yake. Nikatoa kadi nikamrudishia, na nikafuta picha yake kwenye kompyuta mbele ya macho yake, kwa mazoea tu. Wanawake huniletea picha za harusi wakiwa bila buibui na hawatulii mpaka waone nimefuta, kwa hiyo siweki picha ya mtu yeyote. Kisha, kwa mazoea pia, nikamwambia atoke mlangoni anyooshe mkono. Nilitaka kumwonyesha jinsi rangi ilivyokosea, asije akaenda kunisema kwamba sikujua.

Alinyoosha mkono kwenye mwanga. Nikaiweka picha kando yake.

Vililingana.

Niamini, nimelinganisha mikono na picha kwa miaka, sijawahi kupata rangi iliyolingana namna ile. Kijivu kwa kijivu. Ngozi ya kiganja ilikuwa imekunjamana na kuvimba, kama ya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Nikainua macho kumtazama usoni, chini ya kofia, kwenye mwanga ule usiompendelea mtu, nikajua. Niliogopa. Sina neno jingine la kukupa. Nikashika mwimo wa mlango.

"Hiyo ndiyo rangi yangu," alisema, bila ubaya, kama mtu anayekuelekeza njia. "Mpelekee mama yangu, Idsowe. Uliza kwa Mama Jillo. Mimi ndiye Jillo. Hataki kuhama, ananingoja, anasema nikirudi nikute mtu nyumbani. Maji yanakuja. Akiiona picha ataamini sirudi, ataondoka."

Akaniachia picha mkononi, akaenda. Hakufuata barabara. Alikata nyuma ya nyumba kuelekea mtoni, na mimi nikabaki nimeshika mwimo mpaka mume wangu aliporudi na kuuliza nani amemwaga maji kwenye kiti. Kiti kilikuwa kimejaa maji ya rangi ya tope, yananuka mto. Nilipomweleza alicheka, akasema nimemwona mtu mgonjwa na kwamba joto la kile chumba litanipeleka pabaya. Lakini alikikausha kile kiti kwa kitambaa, na kitambaa akakitupa mbali.

Asubuhi nilipanda boda kwenda Idsowe, kijiji cha bondeni kando ya mto. Sikutaka, usidhani nilikuwa shujaa. Nilikuwa na mama mimi pia, na nilijiuliza ningejisikiaje maji yakimchukua mtu ambaye nilipewa ujumbe wake nikaukalia.

Nilipouliza kwa Mama Jillo, mwanamke niliyemkuta njiani amebeba mtoto na sufuria alisimama. Alikuwa Amina, dada yake Jillo. Aliniambia kaka yake aliondoka na pikipiki kwenda kulima kwenye mashamba ya mifereji huko Bura wakati wa mafuriko yaliyopita, na hakufika. Wengine walisema wamemwona Hola, wengine Malindi. Maiti haikupatikana, pikipiki haikupatikana. "Mama amekataa hata tusimsomee," alisema. "Na sasa amekataa kutoka. Watoto nimeshawapandisha kule juu kwenye lami, yeye amekaa tu. Mwambie wewe, sisi ametuchoka."

Mama Jillo alikuwa amekaa ndani ya mlango akichambua mchele, mama mwembamba, mtulivu. Nyumba za jirani zilikuwa wazi, hazina hata mkeka. Maji yalikuwa yameshaingia mashambani, yanametameta kati ya migomba. Nikampa picha. Nikamweleza kila kitu kama nilivyokueleza wewe.

Aliipapasa kwa kidole. Kisha akatabasamu.

"Alikuja mwenyewe?" aliuliza. "Kwa miguu yake?"

"Alikuja, Mama. Lakini rangi yake..."

"Kama alikuja kwa miguu yake, yuko hai."

"Mama, mkono wake ulikuwa rangi hii hii. Niliuweka kando ya picha."

"Mwanangu, rangi ni ya mashine yako." Akaingia ndani akatoka na picha ya mjukuu wake, ya kitambulisho cha shule, iliyotolewa na mtu mwingine huko huko Garsen. Mtoto alikuwa amefanywa wa zambarau. "Ona. Huyu amekufa? Yuko hapo nje. Picha zenu za Garsen ndivyo zilivyo. Huyu ni Jillo, anacheka, ana pikipiki yake. Atakuja."

Ungemjibu nini? Kila alilosema lilikuwa na akili. Amina alianza kulia kimya. Mimi hasira ilinipanda, na ndani ya hasira hiyo kulikuwa na woga, kwa sababu nilikuwa naona maji yakisogea huku tukiongea. Nikatoa simu, nikamwomba Mama Jillo akae vile vile, mkono juu ya ungo, nikampiga picha. Nikamwambia nitairudisha leo hii, imetolewa na mashine ile ile, na aamue mwenyewe kama mashine yangu ni ya uongo.

Nilirudi Garsen mbio. Wino ule ule, karatasi ya pakiti ile ile, sikugusa kitu chochote kwenye kompyuta. Nilisimama mbele ya printa nikiomba Mungu, na sijui nilikuwa naomba itoke vipi. Ikitoka kijivu, mashine ni mbovu na Jillo huenda yuko hai. Ikitoka sawa, nimepata mama wa kumwokoa na nimempoteza mtoto wa mtu. Ilitoka sawa. Kahawia ya mama yule, weupe wa mchele, ungo.

Boda alinishusha mbali, njia ilikuwa imekwisha kuingia maji, nikavua viatu nikatembea. Nilimkuta pale pale. Nikampeleka mlangoni kwenye mwanga, nikamwambia anyooshe mkono, nikaweka picha yake kando. Alitazama mkono. Akatazama picha. Akageuza mkono upande wa pili, akatazama tena. Hakuna mtu angeweza kutofautisha.

"Mashine yangu haisemi uongo, Mama," nikasema. Nilisema maneno hayo hayo.

Akaiokota picha ya Jillo, akaiweka kando ya yake, akazishika zote mbili kwa muda. Nilisubiri kilio. Hakulia.

"Basi ni maiti," alisema. Akaifunga ile picha ndani ya leso, akamwambia Amina achukue sufuria na ungo, akatoka. Hakufunga mlango wala hakugeuka.

Usiku ule mto ulivunja kingo. Asubuhi ya pili watu walionyeshana Idsowe kutoka barabarani, na kilichoonekana ni vichwa vya migomba. Nyumba ya Mama Jillo ilisimama lakini maji yalifika juu ya mlango. Walimsomea Jillo, wakamswalia sala ya maiti asiyekuwepo, wakafanya khitma kwenye mahema ya waliohama kule juu kwenye lami, na mimi nikaitwa, nikapewa sahani ya kwanza kama mgeni wa heshima. Kila mtu alinishika mkono. Mama Jillo ndiye hakunitazama. Nilipomfuata kumuaga aliniambia jambo moja tu.

"Umeniokoa na maji. Lakini kabla hujaja nilikuwa na Jillo."

Nililia njia nzima mpaka nyumbani. Ningeweza kukuachia hapo, ungesema kisa kimekwisha, cha huzuni lakini cha heri. Mimi pia nilifikiri kimekwisha.

Walijengewa vijumba vya mabati kule juu. Mama Jillo akaitundika picha ya mwanawe ukutani, mahali ambapo jua la asubuhi huingia mlangoni na kuipiga. Miezi ikapita, kiangazi kikaja, Amina akanipigia simu.

"Dada, njoo. Mama anasema Jillo anarudi rangi."

Nilijua ni nini kabla sijafika. Wino wa chupa haupendi jua. Ukiupigia jua kila siku, bluu hufa mwanzo, inabaki pinki na njano, na kile kilichokuwa kijivu hugeuka kahawia taratibu. Nimeliona hilo kwenye picha chungu nzima. Nikaenda nimejiandaa na maelezo yangu.

Jillo alikuwa ukutani, anacheka, wa kahawia iliyokolea. Mashavu yana damu. Nikamweleza Mama Jillo habari za bluu na pinki, nikamwambia ni jua, ni wino wa bei rahisi, ningempa mfano wa picha yoyote anayotaka. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akaitoa picha ukutani, akatembea nayo hadi mlangoni, akanyoosha mkono wake mwenyewe na kuiweka kando.

"Tazama," alisema. "Ametoka kwangu, tumefanana. Wewe uliniambia mashine yako haisemi uongo. Ilipokuwa mbaya niliamini. Sasa ni nzuri, unataka nisiamini?"

Nilitaka nimtolee nyingine ya kijivu, nimwekee mbele yake, lakini picha ya kwenye kompyuta nilikuwa nimeifuta na kadi Jillo aliondoka nayo mwenyewe. Na kuna jambo jingine, sikumwambia yeye wala Amina, nakuambia wewe. Bluu ikifa, migomba haiwezi kubaki kijani. Kijani ni bluu na njano. Migomba ya nyuma yake ilipaswa kuwa ya manjano kama majani makavu. Ilikuwa mibichi kama siku ile ilipotoka. Jua lilikuwa limekula bluu ya uso wake peke yake.

Kabla ya mvua kuanza Mama Jillo alirudi Idsowe. Alikandika nyumba, akafagia uwanja, akapanda tena migomba. Amina alimsihi, wazee wa msikiti walimsihi, mimi nilimsihi kwa simu akanikatia. Aliwaambia, Jillo akirudi nani atamfungulia?

Na maji yakaja tena, kama yanavyokuja. Wenye mitumbwi walipita nyumba kwa nyumba, na walifika kwake jua linazama. Hili nimelisikia kwa vinywa vyao wenyewe, vijana ninaowajua. Walimwita atoke. Alisimama mlangoni, maji yamemfika magotini, uso wake una furaha, akawaambia waende kwa wengine wenye shida, yeye hayuko peke yake. Wakachungulia. Ndani, kwenye giza, walimwona kijana amekaa. Wakasema basi, ana mwanamume wa kumbeba, wakaenda kuchukua watu wengine. Waliporudi hapakuwa na nyumba.

Alipatikana maji yalipopungua, amekwama kwenye migomba aliyopanda. Alikuwa peke yake. Amina ndiye aliyemkosha. Aliniambia ngozi ya mama yake ilikuwa rangi gani, na hakuwa na haja ya kuniambia.

Ninaendelea kutoa picha kwa sababu watoto lazima wale. Wino wa chupa niliacha, na picha ya mtu aliyekufa au aliyepotea siichapi hata unililie. Mlangoni sitoki tena na mtu. Nampa picha yake mezani, chini ya taa ile mbaya, akinung'unika na anung'unike. Lakini kuna swali linalonikalia kifuani kila mto unapopanda. Yule aliyekuja kwangu alisema anataka mama yake ahame. Nami nilimhamisha. Nilimfundisha kuiamini karatasi ile kuliko macho ya watu wote waliompenda, na karatasi ile ile ndiyo iliyomrudisha. Kama ulikuwa upendo wa mtoto, kwa nini alikuwa amekaa ndani akingoja? Na kama haukuwa, niliyempa chai ni nani?

Wewe mwenye printa yako nyumbani, rekebisha rangi upendavyo. Chagua karatasi nzuri, safisha kichwa cha mashine, pima kwenye mwanga. Lakini uso mmoja ukikataa rangi huku vitu vingine vyote vikikubali, zima mashine umwambie mwenyewe imeharibika. Na mtu anayemngoja mtu wake akikuuliza kama picha hiyo ni ya kweli, mwambie hujui. Usimwapie. Atakuamini.